Nafaka ya Misri Ilikuwa ya Nani?



Katika sesioni yetu ya Kwaresima, kijana mmoja mwenye masomo mazuri alisimama mbele yenu akatoa fundisho ambalo naweza kulifupisha hivi: wazee wetu wa Katanga waliharibiwa na mposho. Walizoea kupata unga, nyumba, dawa na shule kutoka kwa kampuni. Kampuni ilipoanguka, wakabaki wamekaa mlangoni wakingoja. Na hata leo, mtu yeyote anayedai pensheni anaendeleza ugonjwa uleule wa kutegemea Serikali. Akamalizia kwa mfano wa Yozefu wa Misri, aliyejua kuweka akiba wakati wa shibe. Mlimpigia makofi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na dirisha, nikanyamaza, kwa kuwa nilisomea ualimu na nilifundishwa kutomkatiza mtu mbele ya wenzake. Lakini kunyamaza si kukubali, na leo ninajibu.

Nianze na Yozefu, maana huko ndiko kosa lilikoanzia. Kijana wetu alisoma sura ya 41 ya Kitabu cha Mwanzo, kisha akafunga kitabu. Sura hiyo yasema kwamba katika miaka 7 ya shibe sehemu moja kati ya 5 ya mavuno ya Misri ilikusanywa na kuwekwa mijini, chini ya mkono wa Farao. Njaa ilipofika, maghala yalifunguliwa. Lakini watu hawakurudishiwa nafaka: waliuziwa. Asiyeamini asome sura ya 47. Walitoa kwanza fedha zao zote. Fedha zilipokwisha, walitoa mifugo. Mifugo ilipokwisha, walitoa mashamba pamoja na miili yao, wakawa watumwa wa Farao, tena wakashukuru kwa sababu walikuwa hai. Simlaumu Yozefu; bila yeye wangekufa wote. Ninauliza swali moja tu, ambalo mhubiri wetu kijana hakuliuliza: nafaka ile ilitoka katika mashamba ya nani?

Kwa swali hilo mkononi, tuwatazame upya wazee wetu wa Katanga. Union Minière, na baada yake Gécamines ambayo ni mali ya Serikali tangu mwaka 1967, iliwalipa wafanyakazi wake sehemu kwa fedha na sehemu kwa vitu: gunia la unga, nyumba ya kambi, kitanda cha hospitali, kiti cha mtoto shuleni. Watu husema, «walipewa». Neno hilo ndilo ninalolikataa. Mtu aliyeshuka chini ya ardhi kule Kipushi, au aliyefanya zamu ya usiku mbele ya tanuru za Lubumbashi, hakupewa unga. Alilipwa unga. Ulikuwa jasho lake lililogeuzwa kuwa gunia. Na tofauti ya fedha na gunia ni hii: fedha mtu aweza kuigawanya, akala nusu na kuweka nusu; gunia la unga halikai miaka 20, na nyumba ya kampuni ilibaki ya kampuni. Mtu anayelipwa namna hiyo hana akiba mkononi mwake. Akiba yake yote ni ile kampuni yenyewe, na siku kampuni inapougua, ameugua naye.

Iliugua kweli. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Mwaka 1994 shaba yote ya mwaka haikufika tani 50,000. Mishahara ikachelewa miezi, na miezi ikazaa miezi. Hatimaye, mwaka 2003, kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 walitolewa kazini kwa jina la «kuondoka kwa hiari». Hiari! Mtu anayedai mishahara ya muda mrefu, ambaye watoto wake wamefukuzwa shuleni, anawekewa mbele yake karatasi na fedha za mara moja, ndipo tunaiita hiari. Fedha zile zilikwenda kwa madeni, kwa matibabu, kwa ada za shule, na kwa biashara ndogo ambazo watu wa mgodini hawakufundishwa kamwe. Wapo wanaodai hesabu yao ya mwisho hadi leo. Hao ndio tunaowaita wavivu.

Najua jibu lenu: wangeweka akiba katika zile fedha kidogo walizopata. Vijana wangu, nyinyi mmezaliwa chini ya faranga, hamkuona jinsi fedha inavyokufa. Zaire ilipoanza mwaka 1967, moja ilikuwa na bei ya dola 2 za Marekani. Kwenye Noeli ya mwaka 1979 noti za zaire 5 na za zaire 10 zilifutwa. Watu walipewa muda mfupi na kiasi chenye mpaka cha kubadilisha. Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameweka noti zake katika sanduku la bati, chini ya daftari za wanafunzi. Nilikuwa na miaka 9. Alibadilisha kiasi kilichoruhusiwa. Zilizobaki alitupatia sisi watoto tuzichezee. Tangu siku ile hakuweka tena noti. Kila alichokipata alikigeuza kuwa mabati na matofali, na majirani walimcheka kwa kujenga chumba kimoja kwa miaka 11.

Hawakucheka baadaye. Mwaka 1993 zaire mpya ilikuja, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 faranga ilikuja, moja kwa zaire mpya 100,000. Zidisheni wenyewe: faranga moja ya mwaka 1998 ilikuwa sawa na zaire bilioni 300 za wakati wa ujana wa baba yangu. Mfanyakazi aliyetunza zaire 1000 mwaka 1970, yaani dola 2000, alikuwa mtu mwenye busara kuliko wengi wetu. Na kama alizitunza katika noti au katika daftari la benki, mwaka 1998 hakuwa na kitu. Faranga nayo ilianza kwa bei ya zaidi ya nusu dola, na sasa dola moja yataka zaidi ya faranga 2000. Wala si bei ya fedha peke yake. Tangu mwanzoni mwa mwaka 2025 ndugu zetu wa Goma, kisha wa Bukavu, waliona milango ya benki ikifungwa huku akiba yao ikiwa ndani. Kumwambia mtu wa nchi hii kwamba umaskini wa uzee wake watokana na kutojua kuweka akiba ni kumtukana mara mbili.

Sasa nije kwa Serikali. Kijana wetu alisema kwamba anayedai pensheni anaomba msaada. Hapana. Tuna mfuko wa pensheni tangu mwaka 1961. Leo unaitwa CNSS. Kwa mfanyakazi aliyeandikishwa huko, asilimia 5 ya mshahara hukatwa kwa ajili ya pensheni, na mwajiri hulazimika kuongeza asilimia 5 nyingine. Tuchukue mfano wa mshahara wa faranga 400,000: mfanyakazi anatoa 20,000, mwajiri anatoa 20,000, na kwa mwaka mmoja ni faranga 480,000. Hiyo si zawadi ya mtu. Ni nafaka kutoka shambani kwa mfanyakazi, iliyokwenda ghalani kabla yeye hajaiona. Anayekwenda kuidai akiwa na miaka 60 hafanani na mtu anayenyosha mkono barabarani; anafanana na mtu aliyemwachia jirani mbuzi wake na sasa amekuja kumchukua.

Na mwizi hakai Kinshasa peke yake. Nimefundisha katika shule moja ambapo kila mwezi asilimia ile ilikatwa katika mshahara wetu, imeandikwa vizuri kwenye karatasi, kwa muhuri. Mwenzetu mmoja alipofika umri wa kustaafu, alikwenda kwenye ofisi ya mfuko akaambiwa kwamba jina lake halijulikani. Fedha zilikatwa, hazikupelekwa. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya 5 ya barua yake, anasema kwamba mshahara uliozuiliwa unapiga kelele mpaka masikioni mwa Bwana. Hakusema kwamba mwenye kudai ana tabia ya kutegemea.

Kuna jambo ambalo nakubaliana na kijana wetu, nami sitalificha. Mwaka 1991, katika Centesimus Annus, Papa Yoane Paulo wa 2 alionya kwamba Serikali inayojitwalia kila kazi ya kusaidia huwapokonya watu nguvu zao na kuzidisha maofisi. Katanga tumeyaona hayo kwa macho: mtu aliyelelewa na kampuni tangu kuzaliwa hadi kaburini, aliyeita kazi baba na mama yake, hakujua la kufanya alipobaki yatima. Lakini Papa yuleyule, miaka 10 kabla, katika Laborem Exercens, alihesabu pensheni ya uzee kuwa haki ya mfanyakazi, kama vile mapumziko na matibabu. Na Leo wa 13, mwaka 1891, alitaka mshahara uwe wa kutosha hata mfanyakazi aweze kuweka akiba na kupata mali yake mwenyewe. Maneno hayo hayapingani. Hatari ni mtu kukaa chini ya ghala ambalo hana ufunguo wake. Kumnyima pensheni hakumpi ufunguo, kunachoma ghala.

Tena niwaulize, nyinyi mliopiga makofi: kama mzee hana pensheni, nani anamlisha? Ni nyinyi. Kila asilimia isiyopelekwa kwenye mfuko leo ni gunia la unga mtakalonunua kesho, ni dawa ya presha, ni kodi ya nyumba ya mama. Kijana anapata mshahara wake wa kwanza, na kabla hajanunua kiatu, watu 7 wanamtazama. Hataweka akiba kwa uzee wake kwa sababu analipa uzee wa wazazi, na watoto wake nao watamlipia yeye. Yezu mwenyewe, katika sura ya 7 ya Injili ya Marko, aliwakaripia waliosema kwamba mali yao ni Korban, kusudi wasiwasaidie wazazi. Kwa hiyo hamwezi kukwepa. Lakini basi mjue kwamba anayemdhulumu baba yako mfukoni amekudhulumu wewe, na makofi yenu yalimsaidia yeye.

Nina neno pia kwa nyumba yetu wenyewe, na wakubwa wangu wanisamehe. Sura ya 47 ina mstari mmoja tunaoupita haraka: Farao hakununua mashamba ya makuhani, kwa sababu makuhani walikuwa na posho yao kutoka kwake. Wakati taifa zima linauza mashamba, watu wa hekalu wanakula. Mlinzi wa parokia, mama mpishi, mwandishi wa ofisi, mwalimu anayelipwa kwa michango ya wazazi: wangapi kati yao wameandikishwa? Tunawapa sabuni na mchele kwenye Noeli, nao wanatuambia asante, Baba. Huo nao ni mposho, na sisi ndio kampuni.

Ndugu zetu wa Kivu wana vikundi viitwavyo MUSO. Sanduku la kijani ni la akiba na mikopo, jekundu ni la msiba na ugonjwa, la buluu ni la fedha zitokazo nje. Mwingine hupiga kufuli 3 juu ya sanduku moja, na funguo 3 hukaa kwa watu 3, ili mmoja asiweze kulifungua peke yake. Haya hayachukui nafasi ya pensheni. Watu 25 maskini hawawezi kulipana uzee wa miaka 20. Wala hayafanani na vile vikundi vya simu vinavyowaahidi kuzidisha dola zenu mara 2 kwa mwezi, ambavyo baadhi yenu mnajiandikisha kwa siri. Ila kwenye MUSO kila mmoja anajua nafaka yake iko wapi, na ufunguo uko kwa nani.

Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya Misa ya pili, nitakuwa katika chumba cha katekesi. Kila mmoja alete karatasi ya mshahara ya mzazi wake, ya miezi 3 ya mwisho, kama anayo. Tutaandika majina na namba za wale waliokatwa asilimia, na Jumatatu watu 4, pamoja nami, tutakwenda ofisini kuuliza kama zilifika. Kijana aliyehubiri nimemwomba aje na baba yake. Amekubali, baba yake alikuwa mmoja wa wale 10,655.