Kitabu cha Grini Hakimfunzi Mtu Gofu

Kila Jumamosi alfajiri, kabla jua halijachomoza, kituo cha mabasi cha Rangi Tatu, Mbagala, huwa kimekwisha kujaa watu. Wamo akina mama wenye beseni zao, wamo walinzi wanaorejea kutoka zamu ya usiku, na wamo vijana wachache wanaokwenda upande wa pili wa jiji kubeba mikoba ya wacheza gofu. Mbagala haina uwanja wa gofu. Wenye kutaka kazi hiyo hawana budi kwenda Gymkhana, karibu na bahari, au kuvuka jiji zima hadi Lugalo, kwenye uwanja wa Jeshi la Wananchi.

Mmoja wa vijana hao ni jirani yangu. Siku moja alinieleza jambo lililonifanya nishike kalamu. Alisema kwamba siku hizi wapo mabwana wasiomwuliza tena kedi wao neno lolote. Wakifika kwenye grini, yaani ule uwanda wa majani mafupi penye shimo, huchomoa kijitabu mfukoni, wakakigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta kibla, kisha wakapiga mpira, nao ukapita kando ya shimo. Kijana amekanyaga grini ile mamia ya mara. Anajua maji ya mvua huelekea wapi. Lakini hakuulizwa, naye kwa adabu yake akanyamaza.

Ndugu msomaji, pengine utasema kwamba hilo ni jambo la wenye nafasi, wala halituhusu sisi watumishi wa serikali na walimu. La hasha! Kwanza, miongoni mwa wanaocheza Lugalo na kwingineko wamo watumishi kama sisi, nao hutumia fedha za mishahara kama yetu. Pili, jambo lenyewe linahusu elimu, na elimu ni shughuli yetu. Swali ni hili: je, mtu anayejifunza hupata faida gani kwa kununua majibu yaliyoandikwa na mwingine?

Yafaa tuanze kwa kueleza vitabu hivi ni nini. Vipo vya namna mbili. Cha kwanza ni kitabu cha yadi, ambacho huchora kila shimo na kuonyesha umbali kutoka mahali fulani, kama vile mti au shimo la mchanga, mpaka kwenye grini. Cha pili ni kitabu cha kusoma grini. Hiki hutengenezwa kwa mitambo inayopima uso wa ardhi kwa miale, kisha mishale na tarakimu huchapwa kuonyesha mteremko wa kila sehemu.

Asili ya vitabu hivi si kiwandani. Mwaka 1961, katika mashindano ya wachezaji wa ridhaa wa Marekani huko Pebble Beach, Jack Nicklaus alipokea ushauri wa mwenzake Deane Beman, akaanza kupima umbali kwa hatua zake mwenyewe na kuuandika. Nicklaus alishinda mashindano yale, na desturi hiyo ikaenea. Baadaye makedi wa wachezaji wa kulipwa ndio waliotembea viwanjani wakipima na kuchora, wakawauzia wenzao. Kwa hiyo kitabu hicho kinachotumiwa leo kumnyamazisha kedi kilizaliwa na miguu ya makedi na wachezaji waliojitaabisha. Aliyekiandika ndiye aliyejifunza. Je, aliyekinunua naye amejifunza?

Mimi nasema hapana, na ninazo sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba kitabu kina usahihi ambao mkono wa mchezaji wa ridhaa hauna. Mwaka 2014 Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alitoa kitabu chake kilichotokana na hesabu za mikwaju mingi sana ya wachezaji wa kila daraja. Alionyesha kwamba mchezaji wa kulipwa katika mashindano makubwa ya Marekani hutumbukiza nusu ya mipira yake akiwa umbali wa futi 8. Yule anayemaliza mashimo 18 kwa mikwaju 90 hivi hufikia nusu hiyo akiwa futi 5 tu. Tena alionyesha kwamba karibu theluthi mbili za tofauti kati ya mabingwa na wachezaji wa kawaida hutokana na mikwaju mirefu, ile ya zaidi ya yadi 100. Mwenzetu anayepeleka mpira msituni kwa mkwaju wa kwanza, na wa pili akauzamisha mchangani, ataokolewa na mshale gani uliochorwa kwenye grini? Anatibu kidole ilhali mguu umevunjika.

Sababu ya pili ni kwamba kitabu hakijui hali ya siku. Kitabu huonyesha mteremko, lakini mpira haupindi kwa mteremko peke yake. Hupinda pia kwa kadiri ya wepesi wa grini. Mteremko ule ule utaupindisha mpira sana kwenye majani yaliyokatwa asubuhi na kukauka kwa jua, na utaupindisha kidogo kwenye majani yaliyolowa kwa mvua ya masika. Zaidi ya hayo, katika nchi za joto grini nyingi hupandwa majani ya jamii ya bermuda, ambayo hulala upande mmoja. Mpira ukifuata ulalo wake hukimbia, na ukienda kinyume chake husita. Ulalo huo haumo katika mishale ya mteremko. Na upepo je? Kwenye pwani yetu kusi huvuma miezi yake na kaskazi miezi yake. Yadi 150 zilizochapwa kitabuni hubaki 150 mwaka mzima, lakini mchezaji anayekabili kusi wa mwezi Julai anajua kwamba mkono wake unatakiwa kupiga zaidi ya hapo. Nani atamwambia ni kiasi gani? Ni jicho lake, na kumbukumbu zake, na kedi aliyekuwapo pale jana na juzi.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa kupita zote. Kusoma grini ni sehemu ya mchezo wenyewe. Wakuu wa mchezo huu duniani, yaani R&A ya Uingereza na USGA ya Marekani, waliliona hilo mapema. Kuanzia Januari 2019 waliweka mipaka: mchoro wa grini usizidi kipimo cha robo tatu ya nusu inchi kwa kila yadi 5, na kitabu kisizidi upana wa inchi 4 na robo na urefu wa inchi 7. Kwa kipimo hicho, grini yenye upana wa mita 20 huwa na sentimita 4 hivi juu ya karatasi. Halafu kuanzia Januari 2022 walizipa kamati za mashindano ya daraja la juu ruhusa ya kuwazuia wachezaji wasitumie kitabu chochote isipokuwa kile kilichokubaliwa na kamati, chenye maelezo machache tu kuhusu grini. Sababu waliyoitoa ni kwamba uwezo wa kusoma grini ni sehemu muhimu ya ustadi wa mchezaji. Lakini angalia jambo moja. Hata katika masharti hayo makali, mchezaji na kedi wake waliachiwa haki ya kuandika kwa mkono yale waliyoyapata kwa uzoefu wao. Kilichobanwa ni ujuzi wa kununua, na kilichoachwa huru ni ujuzi wa kujipatia.

Sasa, mambo ya ajabu! Masharti ya mwaka 2022 hayakukusudiwa kwa mchezaji wa kawaida wa mwisho wa juma. Kwa hiyo bingwa amepunguziwa mishale ili atumie macho yake, na wakati huo huo mwanafunzi wa mchezo anakimbilia mishale ile ile. Huo ni ulimbukeni mtupu. Ni sawa na mtu anayenunua mavazi ya nahodha akadhani amekwisha kujua bahari.

Wapo watakaonipinga, na haki itendeke nao wasikilizwe. Watasema kwamba kujua umbali kunamsaidia hata mchezaji dhaifu. Nakubali, na nakubali bila kinyongo. Walimu wa mchezo huu wamesema tangu zamani kwamba mchezaji wa ridhaa hukosea zaidi kwa kupiga mfupi kuliko kupiga mrefu, kwa sababu huchagua fimbo kwa kukumbuka mkwaju wake bora kuliko yote badala ya mkwaju wake wa kawaida. Mtu huyo akiambiwa umbali wa mwanzo wa grini, wa katikati na wa mwisho, na mahali lilipo shimo la mchanga, atafaidika. Lakini hayo ni maelezo ya kadi moja, wala hayahitaji kitabu kizima. Tena hata tarakimu hizo hazina maana kwa mtu asiyejua mpira wake huenda umbali gani kwa kila fimbo. Mwulize anayebeba kitabu cha grini: mkwaju wako wa kawaida kwa fimbo namba 7 ni yadi ngapi? Wengi hawatajua, na wachache watadanganya.

Watasema pia kwamba kitabu huharakisha mchezo. Hilo silikubali. Aliyesimama nyuma ya watu wanaogeuza karatasi kabla ya kila mkwaju, na baada ya kugeuza wakakosa vile vile, anajua ukweli ulivyo.

Nirudi Mbagala. Huku kwetu watoto hucheza kandanda kwenye viwanja vya mchanga visivyo na chaki wala nyavu. Mtoto wa uwanja ule anajua mahali mpira unapodunda vibaya na mahali unapokwama, na humlaghai mgeni kwa ujuzi huo. Hakuna aliyemchorea ramani. Aliupata kwa kucheza, kuanguka na kuinuka. Vijana wa aina hiyo ndio wanaokwenda kubeba mikoba, na baadhi ya makedi katika Afrika Mashariki wamekuwa wachezaji wazuri kuliko mabwana waliowabebea. Tunapomnyamazisha kedi tunamnyima heshima ya kazi yake, na polepole tutamnyima na kazi yenyewe. Naye mchezaji anajinyima mwalimu aliye karibu yake kwa saa 4 nzima.

Sisi walimu tunaujua ugonjwa huu. Katika madarasa yetu yaliyojaa, mwanafunzi hununua kijitabu cha maswali na majibu, akakariri majibu 50, na swali la 51 likamwangusha. Tunapomkemea, mzazi hutuuliza kosa lake ni nini, maana amenunua kitabu! Basi tutamkemeaje mtoto ikiwa siku ya Jumamosi sisi wenyewe tunafanya vivyo hivyo uwanjani?

Napendekeza mambo matatu. Mchezaji wa ridhaa na anunue daftari dogo na penseli, apime kwa hatua zake, aandike kila baada ya mchezo mahali mpira ulipopinda na jinsi upepo ulivyokuwa. Baada ya mwaka mmoja atakuwa na kitabu ambacho hakuna duka linaloweza kumwuzia. Pili, fedha aliyokusudia kununulia kitabu cha grini na aitumie kwa mafunzo ya mkwaju mrefu, ambako ndiko anakopotezea mchezo wake. Tatu, na hili ni rahisi kupita yote, kabla hajapiga amwulize kedi wake: wewe unauonaje? Kisha asome mwenyewe, apige, na amweleze kedi alichokiona. Kuuliza si ujinga.

Jumamosi ijayo kijana wa Rangi Tatu atapanda basi tena kukiwa bado giza. Ameubeba uwanja mzima kichwani mwake. Anayemwajiri na asimlipe kwa kubeba mkoba tu.