Mianzi ya Guangzhou inapatikana Mbale

Mfanyabiashara wa Busia au Eldoret akirudi kutoka Guangzhou huwa na mawili ya kusimulia kabla hata kontena halijatia nanga Mombasa. La kwanza ni mnara wa Canton, mita 600 kwenda juu, unaowaka taa za kila rangi, na mashua ya mtoni aliyopandishwa na mwenyeji wake jioni baada ya kuzunguka sokoni. La pili ni chakula. Atasimulia supu ya tambi, bata wa kuchoma anayening'inia dirishani, na vile vipande vyeupe vya mianzi michanga vinavyolia mdomoni kama tango. Wachina wanakula mianzi, atasema, na wasikilizaji wataguna.

Wasingeguna kama wangewahi kupita soko la Mbale bila haraka. Akina mama wa Kimasaba huuza pale machipukizi hayo hayo, yamekaushwa kwa moshi na kufungwa mafungu, meusimeusi kama kuni zilizozimwa. Huitwa malewa. Huchumwa mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba, kisha huloweshwa na kuchemshwa mpaka yalainike, ndipo hupikwa kwa karanga au ufuta uliosagwa. Mchuzi wake ni mzito, una harufu ya moshi, na ukiteremshwa na matoke ya moto mtu hukaa kimya mpaka sahani iishe. Mchina huyala yakiwa mabichi na meupe. Mmasaba huyakausha ili yakae miezi. Kwa anayefikiria biashara, huo wa Mmasaba ndio ujuzi wa kuutazama, maana kitu kikavu husafiri.

Lakini mfanyabiashara huyo hufika Mbale, hununua maharage, vitunguu au kahawa, hula chipsi na kuku karibu na kituo cha mabasi, halafu huondoka. Kesho yake akiulizwa Mbale kuna nini, atataja bei ya gunia.

Sababu yake inaeleweka. Nyanya hazingoji, na mwenye lori hulipwa kwa siku. Hata hivyo si kila mzigo ni nyanya. Mwenye maharage makavu au vitenge anaweza kulala Jinja usiku mmoja bila kupoteza senti, na pengine akaokoa zaidi ya senti. Barabara ya Jinja kwenda Iganga hupita kwenye mashamba ya miwa ya Kakira, na matrekta ya miwa usiku si ya kufanyia mzaha. Wanaovuka mpaka kila wiki wanajua majina ya wenzao waliosafiri usiku kwa kubana saa chache.

Tatizo jingine ni fikra. Wengi wetu huku Afrika Mashariki tumezoea kuona kutalii ni kazi ya Mzungu mwenye kofia pana. Ukipanda mashua Guangzhou umetembea, ila ukipanda mashua Jinja unapoteza muda! Na Jinja ni mahali ambapo Ziwa Viktoria linatoka kuwa mto Nile. John Hanning Speke alipafikia mwaka 1862 na kuyaita maporomoko yake Ripon, ingawa Wasoga walikuwa na majina yao zamani. Maporomoko hayo hayaonekani tena, yalizama bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lilipokamilika mwaka 1954. Kinachobaki ni maji yanayochemka polepole kana kwamba kuna kitu chini yake. Kando ya mto pia ipo sanamu ya Mahatma Gandhi, kwa sababu sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapo, na Wahindi husafiri kutoka mbali kuja kusimama mbele yake. Mkenya anayepita darajani mara hamsini kwa mwaka hajashuka hata mara moja.

Chakula cha Jinja hakihitaji sherehe. Ngege wa kukaanga mbele ya mto, au rolex ya barabarani: mayai yaliyokaangwa na kabichi, nyanya na kitunguu, yakaviringishwa ndani ya chapati ya moto. Wengi husema rolex ilianzia huku huku Busoga. Inashibisha dereva hadi mpakani.

Lawama haiwezi kumwangukia mpita njia peke yake. Utalii wa Jinja umepangwa kwa ajili ya mwenye dola, kuanzia maboti ya kuruka mawimbi hadi loji za kando ya mto. Mtu wa Kisumu akiuliza bei ya mashua, mara nyingi huulizwa kwanza ametoka wapi. Bei inayoanza kwa swali hilo humfukuza mchuuzi, kwa kuwa yeye mwenyewe hufanya hivyo dukani na anaijua hila. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Kibao kimoja cha Kiswahili chenye bei kwa shilingi kingefanya kazi kuliko hotuba kumi za utangamano. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda tayari ina kiwango cha raia wa Afrika Mashariki, tofauti na cha mgeni wa dola, na kinatumika hata katika hifadhi ya mlima Elgon. Ni wangapi kule Malaba wanaolijua hilo? Mkenya na Mnyarwanda huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014, kwa hiyo hata pasipoti si kisingizio.

Malewa nayo yanaweza kuvuka, ila kwa hadhari. Forodhani upo utaratibu rahisi kwa shehena isiyozidi dola 2,000, kwa bidhaa za Jumuiya zilizo kwenye orodha ya pamoja. Orodha hiyo ibandikwe ukutani kwa Kiswahili ili mama mwenye mafungu yake asitegemee wakala kumweleza. Hadhari kubwa iko mlimani. Mianzi mingi iko ndani ya hifadhi, na uchumaji wake una masharti. Soko la Kitale na Nairobi likifunguka kabla watu hawajapanda mianzi kwenye miteremko ya mashamba yao, msitu ndio utakaolipa, na Bududa inajua mlima ulio wazi hufanya nini mvua ikinyesha.

Anayetaka kuionja Mbale kwa ukamilifu aende Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu wa imbalu, wakati ngoma za tohara hupita barabarani na ndugu zao Wabukusu wa Kenya wako kwenye msimu huo huo upande wa pili wa mlima. Vyumba hujaa mapema, kwa hiyo apige simu mwezi Julai, na amwambie mwenye nyumba amtengee malewa.