Sertifika ya kazi ni haki, si zawadi ya bosi

Ndugu vijana wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi,

Kijana mwenzetu alifanya miaka tatu mu kampuni moja inayohudumia migodi. Alifukuzwa kisha kudai masaa yake ya ziada. Tangu pale, kila anapofaulu mtihani wa kazi pengine, wanapigia bosi wa zamani simu, na mlango unafungwa. "Ule ni mutu wa fujo." Basi, imeisha. Hata nafasi ya kujitetea hapewi.

Wengi wetu tunazania bosi ana ruhusa ya kutuandika vile anapenda. Hapana! Sheria ya kazi ya 2002, kipengele cha 79, iko wazi: mkataba ukiisha, hata sababu iwe gani, mwajiri analazimika kukupa sertifika. Inaandikwa aina ya kazi, muda wake, siku ya kuanza na ya kumaliza, na namba yako ya INSS, ile tunaita leo CNSS. Neno lingine haliongezwi. Si "mvivu", si "mubishi". Na inatolewa mu siku mbili za kazi, si kisha miezi ya "rudi kesho".

Shida ni simu. Ile kipengele inaongelea karatasi tu. Lakini kipengele cha 258 cha sheria ya madai, kitabu cha tatu, kinasema: anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake, alipe. Ushahidi ni mgumu, tunajua. Mara nyingi ni mutu wa biro anakunong'oneza, kisha anaogopa kusimama mbele ya tribinali.

Hatusemi bosi afiche mwizi. Kama mutu ameiba, parke iko, apeleke mashtaka na mutu ajibu. Kumumaliza kwa simu, bila yeye kusikia, hiyo tunaikataa. Na ninyi munaoajiri: mukisikia neno baya, muulizeni mwenyewe kwanza. Pengine bosi ndiye mwenye deni.

Wewe unayeacha kazi, omba sertifika kwa maandishi, uchunge kopi. Wakikataa, anzia kwa enspekta wa kazi. Bila kupita kwake kwa usuluhishi, tribinali ya kazi haipokei kesi.

Mwenzetu hakuwahi kuiomba. Hakuna aliyemwambia. Barua yake tumeiandika pamoja juzi, na siku ya kuipeleka tutamusindikiza.