Bunduki Zateketezwa, Risasi Zaendelea Kugawiwa

Idi Amin alipoangushwa mwaka 1979, askari wake waliikimbia kambi ya Moroto wakaliacha ghala la silaha bila mlinzi. Wafugaji wa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, wakajichotea. Wizi wa mifugo ukageuka vita vya risasi, na mpaka wa Uganda na Kenya haukuzuia kitu.

Desemba 2001 serikali ya Uganda ilianza kuwataka wafugaji wasalimishe silaha, na zikapatikana karibu bunduki 10,000. Punde jeshi likahamishwa kwenda kupambana na waasi wa Joseph Kony. Waliotii ndio walioumia: majirani waliobaki na bunduki zao waliwavamia na kuwaswagia ng'ombe. Nani angejitokeza tena kwa hiari? Mwaka 2006 jeshi lilirudi kwa msako wa nguvu, manyata zikazingirwa, na mashirika ya haki za binadamu yakaripoti vipigo na vifo. Mwaka 2021 ikaanzishwa operesheni nyingine, Usalama kwa Wote.

Kenya nayo imechoma silaha nyingi. Novemba 2016 iliteketeza silaha 5,250 katika bustani za Uhuru Gardens, Nairobi, jiji lile lile ambako Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo ndogo ilitiwa saini mwaka 2004. Moto huo ulipendeza kwenye picha. Lakini bunduki ikitunzwa hudumu miaka mingi, ilhali risasi hutumika mara moja tu, na mwenye bunduki hulazimika kutafuta risasi nyingine. Hapo ndipo pa kubana.

Tatizo ni kwamba njia ya risasi hupita pia mikononi mwa serikali. Utafiti wa taasisi ya Small Arms Survey wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa polisi wa Kenya walikuwa wakiwagawia raia wa Turkana Kaskazini risasi, zikiwemo zilizotengenezwa Eldoret, ili wajilinde dhidi ya wavamizi. Nia inaeleweka: pasipo na askari, mfugaji afanyeje? Ila risasi haiulizi ilitolewa kwa ajili ya ulinzi au uvamizi.

Mpango wa Utekelezaji wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2001 kuhusu silaha ndogo ndogo hata haukuzitaja risasi. Mwaka 2023 ulipatikana mfumo wa kimataifa wa kuzisimamia, japo ni wa hiari. Kabla ya msako mwingine, basi, Nairobi na Kampala zingeanza na daftari za maghala yao: kila kasha la risasi lilikwenda kwa nani, na limebaki na ngapi.