Pikipiki Nayo Yataka Gadi

Wageni wanaovuka kwenda Songo Mnara, kisiwa kilicho kusini ya Kilwa Kisiwani, aghalabu hufuata magofu, ambayo pamoja na yale ya Kisiwani yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Ni haki yao. Lakini yafaa pia waitazame mashua iliyopandishwa pwani ili itiwe kalafati. Imesimama wima juu ya mkuku wake, wala haianguki, kwa sababu imetiwa magadi, yaani miti ya kuiegemeza, ubavu huu na huu. (Msomaji wa bara asidhani nanena habari za magadi ya kupikia maharage.)

Mna elimu kubwa katika miti hiyo. Kila gadi limelazwa kidogo, mguu wake ukiwa mbali na chombo kuliko kichwa chake, na hivyo kitako cha mashua kimepanuka. Sayansi yatufundisha kwamba kitu husimama imara maadamu mstari unaoshuka wima kutoka kitovu cha uzito wake unaangukia ndani ya kitako chake. Ukitoka nje, kitu hicho hupinduka. Tena fundi mwangalifu huweka kipande cha ubao chini ya gadi, lisije likadidimia mchanga ulowapo.

Ajabu ni kwamba kijana wa pwani hiyo hiyo, akitaka kuitengeneza pikipiki yake uani, huiegemeza juu ya jiwe moja na kreti ya soda. Simcheki, kwani hata mimi nilifanya hivyo. Nilikuwa nikivuta spana kwa nguvu ili kufungua nati ya ekseli ya mbele, kreti ikapasuka, pikipiki ikaniangukia mguuni. Nilichechemea wiki tatu. Mimi hula kwa kalamu; mwendesha bodaboda akichechemea wiki tatu, watoto wake watakula nini?

Pikipiki nyingi za kazi hiyo huzidi kilo 100. Tuseme wayo wa stendi ya ubavuni una sentimita 4 kwa 5, yaani eneo la sentimita za mraba 20. Ukiweka chini yake ubao mgumu wa sentimita 30 kwa 30, eneo lawa 900, na mgandamizo juu ya mchanga hupungua mara 45. Ubao huo haukosekani panapoundwa vyombo.

Hata hivyo, stendi ya ubavuni ni ya kuegeshea tu. Kwa matengenezo ya gurudumu la nyuma au cheni, tumia stendi ya kati, nayo iwe juu ya ubao, na breki ya mbele ifungwe kwa ukanda wa mpira ili pikipiki isisogee ikashuka. Injini izimwe, gurudumu lizungushwe kwa mkono, maana cheni inayoendeshwa na injini hukata vidole. Ukitaka kuondoa gurudumu la mbele, jihadhari: pikipiki iliyo juu ya stendi ya kati huinama mbele. Legeza nati kwanza, magurudumu yote yakiwa chini, kisha tia chini ya fremu kigoda cha mbao ngumu chenye miguu iliyotanuka. Kisiegemezwe kamwe kwenye bomba la moshi.

Stendi za dukani zenye vigurudumu sizilaumu. Zafaa sana juu ya sakafu ya saruji. Mchangani hazina kazi. Kwa maoni yangu, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lingefanya jambo jema kutoa mchoro mmoja wa kigoda hicho, wenye vipimo ambavyo seremala yeyote wa kijijini aweza kuvifuata. Na kabla mchoro haujapigwa chapa, wachoraji wavuke kwenda Songo Mnara wakati wa bamvua, mashua zinapopandishwa, wakapime mlalo wa magadi.