Kifaru Changu Hakilipi

Shemeji yangu alikikuta mezani Jumapili moja mchana, alipokuja kututembelea na mwanawe. Kilikuwa bado hakina kichwa, na magurudumu yake nilikuwa nimeyapanga juu ya gazeti yakauke, kama mandazi. Akakiinua, akakigeuza, akachungulia tumbo lake. Kisha akauliza swali ambalo nilijua linakuja.

"Na hii inakulipa ngapi?"

"Hailipi."

"Utaiuza?"

"Siiuzi."

"Aaah, ni ya watoto."

"Ni yangu, shemeji."

Akakirudisha mezani polepole, vile mtu hurudisha kikombe kwa nyumba yenye mgonjwa. Siku hiyo sikujibu kitu. Nilimwongezea chai, tukaongea siasa. Haya sasa ndiyo majibu, na si yake peke yake. Ni ya kila mtu katika nchi hii ambaye akimwona mtu mzima anashughulika na kitu, swali lake la kwanza ni la pesa.

Kwanza mjue kitu chenyewe. Ni kifaru cha T-72, muundo wa Kisovieti, kilichopunguzwa mara 35. Kile halisi kina uzito wa zaidi ya tani 40. Changu nakibeba kwa kiganja. Kinakuja kwenye boksi kikiwa vipande vya plastiki, vimeshikana na vijiti vya fremu kama majani kwenye tawi, pamoja na karatasi ya michoro inayokuonyesha kipi kinaenda wapi. Unakata, unapiga msasa, unatia gundi, unapaka rangi. Boksi, gundi, rangi, brashi mbili na gharama ya kusafirisha mzigo vilinitoa Sh8,700. Nilichukua wiki saba, lisaa limoja kila usiku baada ya kazi.

Na nilikiharibu, wacha niwe mkweli. Gundi yake si ya kunata kama ile ya viatu. Inayeyusha plastiki ili vipande viwili viwe kimoja, kwa hivyo ukigusa kabla haijakauka, alama ya kidole chako inabaki hapo milele. Yangu iko ubavuni, upande wa kushoto. Mtutu ulikuja nusu mbili; nikauunganisha bila subira, ukatoka na mshono kama wa suruali. Nikausugua kwa msasa siku tatu. Kuna magurudumu makubwa sita kila upande, na moja la kulia halijawahi kugusa meza mpaka leo, kwa sababu nililitia gundi huku nikifikiria barua pepe ya bosi. Plastiki haidanganyiki. Akili yako ikiwa kwingine, itaonekana.

Sasa turudi kwa lile swali. Shemeji huyu huyu hutengeneza mkeka kila wikendi. Timu tisa, nane zinamwitikia, ya tisa inamwangusha dakika za majeruhi. Sijawahi kusikia mtu akimuuliza mkeka unamlipa ngapi. Tunajua haumlipi. Lakini tunamsamehe, kwa sababu mkeka hata ukimla, angalau unaota pesa. Hiyo ndiyo dini yetu siku hizi. Unaweza kupoteza mshahara, usingizi na hata ndoa, bora ulikuwa unatafuta. Ukitumia Sh8,700 kwa furaha ambayo haina mpango wa kukurudishia, hapo ndipo watu wanaanza kukuhurumia.

Na furaha zilizobaki tumezipeleka sokoni zote. Dada akioka keki tamu, kabla hatujameza tunamwambia afungue biashara. Kijana akichora, anaulizwa ana wateja wangapi. Sisemi pesa ni kitu kibaya. Kodi ya nyumba naijua tarehe yake, na najua kuna watu kwenye ploti yetu ambao hiyo Sh8,700 ndiyo kodi yenyewe. Siwaambii wanunue kifaru. Nasema hata maskini ana haki ya kufanya kitu bila faida, na zamani alikuwa anafanya.

Ama mmesahau gari la waya? Sisi tuliokulia Changamwe tulitengeneza magari kwa waya wa uzio, magurudumu tukiyakata kwa soli za patapata, usukani ukifika kifuani ili uendeshe ukikimbia. Kulikuwa na kijana jirani aliyeunda lori lenye springi, na taa zake ni vifuniko vya soda. Hakumuuzia mtu. Mtaa mzima ulimheshimu. Yale yalikuwa nini kama si magari halisi yaliyopunguzwa, yakapimwa kwa macho?

Kwa hivyo anayeniambia hii ni tabia ya wazungu, namuuliza, wazungu gani? Hata hiki kipimo cha 1:35 hakikutoka Ulaya. Kilitoka Japani, kwa kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walikuwa wanatengeneza kifaru cha Panther chenye mota, na ukubwa wake ukaamuliwa na betri zilizopaswa kutosha ndani. Basi. Kipimo ambacho watu wazima wa dunia nzima wanakigombania leo kilianzia kwa betri za mchezo wa mtoto.

Kuna pingamizi moja tu ninaloliheshimu. Mwenzangu wa kazini, mwanamke aliyekimbia Juba na mamake vita vilipozuka Desemba 2013, aliona picha ya kifaru changu kwa simu akasema, "Hicho si kitu cha kucheza nacho." Hakutabasamu. Sikuwa na jibu, na sidhani nilistahili kuwa nalo siku hiyo.

Lakini T-72 sikuichagua ovyo. Tarehe 25 Septemba 2008, maharamia wa Kisomali waliteka meli ya MV Faina ikielekea Mombasa. Ndani mlikuwa na vifaru 33 vya T-72. Meli ilikombolewa Februari 2009, ikatia nanga Mombasa, vifaru vikashushwa. Serikali ilisema ni vya jeshi letu. Nyaraka za kidiplomasia za Marekani zilizovuja mwaka wa 2010 zikaonyesha vilikuwa vya serikali ya Sudan Kusini. Baba yangu alikuwa karani bandarini miaka hiyo. Nyumbani tulimuuliza ameona nini. Akasema, "Mzigo ni mzigo," akaomba maji ya kuoga.

Simlaumu. Nchi nzima ilisema hivyo hivyo. Mzigo ni mzigo, bora umelipiwa. Swali la shemeji tulishalijibu kitaifa kitambo: inalipa, basi tusiulize ni nini.

Mimi nilikuja kujua ni nini nikiwa na msasa mkononi. T-72 hubeba watu watatu tu. Dereva hukaa mbele, wawili hukaa kichwani. Hakuna wa nne wa kujaza mzinga, kwa sababu mashine ndiyo inayojaza, na risasi kubwa 22 za mashine hiyo hupangwa kwa duara sakafuni, chini ya hao wawili. Kifaru kikipigwa mahali pabaya, risasi zile hulipuka pamoja na kichwa chote kikarushwa hewani. Usiku wa kubandika kifuniko cha kamanda nilikaa nacho muda mrefu kwenye ncha ya kibanio. Ni kidogo kuliko sarafu ya shilingi. Mtu mzima, amevaa magwanda, anatakiwa kutokea hapo moto ukianza. Sinema za vita nimezitazama tangu utotoni na hakuna hata moja iliyonifanya nifikirie hicho kifuniko.

Baadaye nilimweleza mwenzangu haya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakubadilisha maneno yake, na sikumwomba ayabadilishe.

Krismasi nilikifunga kwa taulo, nikakibeba hadi Mikindani. Baba amestaafu, macho yamepungua. Aliupapasa mtutu kwanza, kisha magurudumu, akiyahesabu kwa kidole. "Ndiyo hivi," akasema. Na kwa mara ya kwanza tangu 2009, akaongea. Aliniambia vile watu wa zamu walivyoacha kutaniana siku hiyo, na vile alivyojikuta akihesabu kwa mbali, ingawa haikuwa kazi yake kuhesabu. Aliniambia alikuwa ameogopa kupoteza kazi na sisi tuko shule. Tulikaa mpaka saa sita usiku, mama akituita tuje tulale. Miaka yote hiyo nilikuwa namuuliza kwa mdomo. Kumbe alihitaji kitu cha kushika.

Niwekee hiyo bei, shemeji. Niambie jioni ile inalipa ngapi.

Lakini kuna kitu hukukiona ile Jumapili. Tukiwa kwa siasa zetu, mwanao alikuwa amepiga magoti kando ya meza, mikono nyuma, kwa sababu nilimwambia asiguse. Akanivuta shati. "Anko, hii ni ya nini?" Alikuwa anaangalia kipande kirefu cha mviringo ambacho nilikuwa bado sijakipaka rangi.

Nikamwambia ni gogo. Vifaru vya Kisovieti hubeba gogo la mti nyuma. Kikikwama kwenye matope, wanajeshi hulifunga kwenye minyororo kule mbele, minyororo ikalivuta chini, kifaru kikapanda juu yake kikajikwamua.

"Kama ile lori ya mawe ilikwama kwetu," akasema.

Kama ile kabisa.

Wewe uliuliza inalipa ngapi. Yeye aliuliza ni ya nini. Ana miaka tisa, na swali lake bado ni zima, lakini sisi wakubwa tuko mbioni kumfunza lile lingine. Mlipoondoka alikuwa na mfuko wa vile vijiti vya fremu ambavyo nilitaka kutupa. Aliniomba, nikampa. Sijui anaunda nini navyo huko nyumbani kwenu. Nakuomba kitu kimoja tu: akikuletea uone, usimuulize atauza kwa bei gani.