Simba walihesabiwa, watu wa Tsavo hawakuhesabiwa

Likizo ya Agosti, wana wa ndugu zangu walinijia nyumbani Likoni, hatua chache kutoka ufuko wa Shelly. Usiku mmoja, upepo wa kusi ukipiga madirishani, waliniita sebuleni. "Ami, njoo utazame picha ya simba." Nikaketi nao, na haikupita muda nikaitambua. Ilikuwa The Ghost and the Darkness, ile picha ya mwaka 1996 inayosimulia simba wala watu wa Tsavo. Nilipoiona mara ya kwanza nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na nakiri mbele ya wasomaji kwamba kwa siku kadhaa sikuthubutu kutoka nje usiku kwenda msalani.

Safari hii simba hawakunitisha. Kilichonitia baridi ni swali la mtoto wa kike wa miaka kumi na mmoja, nalo ndilo lililonishikisha kalamu.

Kwa ambaye hakijui kisa, nakieleza kwa ufupi. Reli iliyoanza kutandikwa hapa Mombasa mwaka 1896 ilifika mto Tsavo mwaka 1898, ikabidi lijengwe daraja. Msimamizi wake alikuwa Mwingereza John Henry Patterson. Kwa muda wa miezi kadhaa, simba wawili madume walikuwa wakiingia kambini usiku, wakiwaburura watu kutoka mahemani. Maboma ya miiba hayakufaa, wala mioto haikufaa. Mwishowe mamia ya wafanyakazi waliisimamisha garimoshi kwa kulala juu ya reli, wakaipanda na kukimbilia huku kwetu pwani, na kazi ikalala kwa majuma matatu. Patterson alimuua simba wa kwanza tarehe 9 Desemba 1898, na wa pili tarehe 29 ya mwezi ule ule.

Kisa hiki Marekani wamekipiga picha zaidi ya mara moja. Mwaka 1952 ilitoka Bwana Devil, filamu ndefu ya kwanza ya rangi iliyotazamwa kwa miwani maalumu ili simba aonekane anamrukia mtazamaji mapajani. Ilianza kuonyeshwa mwezi wa Novemba, na mwezi wa Oktoba huo huo Waingereza walikuwa wametangaza hali ya hatari hapa Kenya. Basi wakati watu wetu wakitiwa vizuizini, ng'ambo kuna waliolipa viingilio ili watishwe na simba wa Kenya. Miaka 44 baadaye kisa kile kile kikarudiwa kwa fedha nyingi zaidi, naye Patterson akachezwa na Val Kilmer.

Nywele za shingoni

Picha hiyo ya pili, kusema haki, imetengenezwa kwa ufundi. Sauti zake zilipata tuzo ya Oscar mwaka 1997, na zilistahili. Ile milio ndani ya nyasi ndefu, kabla hujamwona mnyama mwenyewe, ingali inasisimua mwili.

Lakini jicho la leo haliachi kuona mengine. Simba wa kwenye picha wana manyoya marefu shingoni, hali wale wawili wa Tsavo hawakuwa nayo. Nchi inayoonekana si Tsavo, kwani picha ilipigwa Afrika Kusini. Mwindaji Mmarekani Remington, anayechezwa na Michael Douglas, hakuwahi kuwapo duniani. Alibuniwa. Msimuliaji ni Mwafrika, Samuel, naye anachezwa vizuri mno na John Kani. Hata hivyo, Samuel amepewa sauti bila kupewa nyumba. Tunamjua mke wa Patterson na mimba yake, ila hatuambiwi ni nani anayemngoja Samuel kwao.

Tena picha inawafanya simba kuwa mashetani. Mwalimu wangu wa chuoni alikuwa akisema shetani hafi kwa risasi, na kwa hilo namwamini yeye kuliko Hollywood. Wataalamu wamekwisha eleza. Miaka ile ya 1890 sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe na nyati, na mawindo yalipungua. Mmoja wa simba wale alikuwa na jipu katika mzizi wa jino, maradhi ya kumtesa mnyama anayetegemea meno kuangusha windo. Isitoshe, njia ya misafara ya watumwa na pembe ilipita huko huko, na waliougua waliachwa njiani, wakafa bila ya kuzikwa. Simba wa Tsavo walijua ladha ya binadamu kwa sababu binadamu wenyewe waliwatupa binadamu wenzao. Hilo ndilo la kutisha, na halimo katika picha.

Swali la mtoto

Ilipofika pale simba wanapoingia katika hema la hospitali, yule binti akauliza, "Ami, hawa walikuwa wangapi?"

Nikafungua kinywa nijibu, nikaona sina jibu. Patterson mwenyewe aliandika kuwa Wahindi waliouawa ni 28. Kuhusu Waafrika alisema ni wengi, ila hawakuwekewa kumbukumbu rasmi. Baadaye akataja watu 135. Mwaka 2009 wanasayansi walipima mifupa na nywele za simba wenyewe, wakakadiria kuwa walioliwa ni kama 35, na hesabu hiyo haiwezi kumwingiza aliyeuawa bila kuliwa. Tazama mambo! Daftari la reli lilihesabu mataruma na misumari, halikumhesabu mpagazi. Ikabidi baada ya miaka zaidi ya mia moja tumuulize simba amekula wangapi.

Simba, wao, hawakupotea. Ngozi zao zilikaa kwa Patterson zikiwa mazulia kwa muda wa miaka 25, kisha mwaka 1924 akaziuza kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, kwa dola 5,000. Zikajazwa zikasimamishwa, na hadi leo watu huenda kuzitazama.

Sisi wa Likoni twajua uzito wa hesabu ya wafu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipopinduka, walikufa watu 272. Wanaokumbuka siku zile wanajua kuwa jamaa hawakusimama ufukoni kutaka idadi. Kila mmoja alitaka mtu wake, kwa jina lake.

Nyanya yangu alikuwa na ami yake aliyekwenda bara na kazi ya reli, asirejee. Haikujulikana kama alikufa kwa homa, kwa tumbo la kuhara au kwa simba. Kaburi hana. Lakini kila ilipokuwa hitima nyumbani, nyanya alihakikisha jina la ami yake limetajwa pamoja na ya wafu wengine, na mimi nimelirithi jambo hilo. Jina lenyewe ni la nyumbani, si la gazetini.

Sisemi picha hii ipigwe marufuku. Watoto na watazame, na wakiogopa ni haki yao, kwani sinema ya kutisha isipotisha ni hasara ya tiketi. Ninachosema ni kuwa mzee asiondoke sebuleni picha ikiisha. Abaki awaeleze kilichoachwa. Na kama kisa hiki kitapigwa tena mara ya tatu, basi kipigwe na watu wetu, tena kianzie hapa mlangoni mwa Kilindini, kwa wanaume walioaga majumbani mwao kwenda kazini. Mtazamaji akishamjua mtu kwao ni wapi na nani anamngoja, simba hahitaji ngurumo za kutengenezwa.

Mwaka 2024 wanasayansi walitangaza kuwa wamechunguza nywele zilizokuwa zimenasa ndani ya mashimo ya meno ya simba wale. Wakakuta za twiga, pundamilia, nyumbu, kuro na choroa. Na unywele mmoja ulikuwa wa binadamu. Huo hawakuuchimba zaidi. Walisema huenda wazao wake wangali wanaishi katika sehemu hizi, na kwamba jambo kama hilo lataka kushauriana na watu kwanza.

Nilimweleza yule binti habari hiyo asubuhi yake, tukitembea ufukoni wakati meli ya makontena ikiingia Kilindini. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ami, huenda ni wa kwetu."

Nikamwambia, huenda. Na kama si wa kwetu, ni wa kwao mtu.